‘Baba analima shamba’: Darasa la watu wazima linaponyamazishwa

Ubaoni paliandikwa sentensi moja tu: “Baba analima shamba.” Ilikuwa alasiri, katika ukumbi wa kanisa usio mbali na Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimekuwa zikiuvuta huku na huku kama watoto wanaogombea kamba. Nilikuwa nimealikwa na mwalimu wa elimu ya watu wazima, kijana niliyewahi kumfundisha chuoni, nije niwape wanafunzi wake “maneno mawili ya kuwatia moyo.” Wanafunzi wenyewe walikuwa kumi na saba: wanawake kumi na watano, wengi wao wa rika langu au zaidi, na wanaume wawili walioketi karibu na mlango kana kwamba walikuwa wanasubiri gari.

Mwalimu akaisoma sentensi, darasa likaitikia. Akaisoma tena, likaitikia tena. Mara mama mmoja wa benchi la mbele akainua mkono.

“Mwalimu, hiyo umeandika ni ya Kiswahili ama ni ya kwetu?”

“Ni ya Kiswahili, mong’ina.”

“Basi ni uongo. Ingekuwa ya kwetu, ingekuwa kweli.”

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kwa msomaji asiyekijua Ekegusii, nieleze kidogo: katika lugha yetu, *tata* ndiye mzazi wa kiume, na *baba* ndiye mama. Yule mama hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Kiswahili amekisikia sokoni, kanisani na redioni tangu utotoni mwake. Alichofanya ni kuisoma sentensi ile kwa lugha mbili kwa mpigo mmoja, akailinganisha na anachokiona shambani, kisha akaitolea hukumu. Mimi nimeketi katika semina za uhakiki kwa zaidi ya miaka thelathini. Uhakiki mfupi na mkali namna ile sikumbuki kuusikia.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mmoja wa wale wanaume alijitetea: “Hata sisi hulima.” Akajibiwa kwamba ndiyo, mnalima, hatukatai, lakini majani chai nani huchuma? Nani huyabeba hadi kituoni kupimwa? Na ile namba ya chai iko kwa jina la nani? Hapo mjadala ukawaka. Bonasi ikatajwa, risiti za kilo zikatajwa, shamba la mume aliyefariki likatajwa, shemeji waliokuja na kamba ya kupimia hata kabla ya matanga kuisha wakatajwa pia. Wengi walianza kwa Ekegusii, lakini kwa kuwa mgeni alikuwepo na darasa lilikuwa la Kiswahili, walijikaza kwa Kiswahili. Mama mmoja alilitafuta neno, akalikosa, akasema “yule mwenye kubaki na vitu vya marehemu.” Jirani yake akamnong’onezea, “mrithi.” Akalirudia kwa sauti: mrithi. Nadhani hatalisahau.

Mwingine, aliyekuwa kimya tangu nilipoingia, akasema sentensi ambayo niliinakili pale pale daftarini: “Kama jina lingekuwa yangu, ningejua bonasi imeingia ngapi.”

Mwalimu akapiga makofi mara mbili. “Haya, haya, turudi kwenye somo.” Akaligeukia ubao, akaandika: ba, be, bi, bo, bu. Darasa likaitikia. Yule aliyekuwa kimya akarudi kimya chake.

Nataka nieleweke. Kijana yule simlaumu, na nitarudi kwake baadaye. Ana silabasi, ana fomu ya kujaza, ana afisa anayekuja kukagua, na mwisho wa yote kuna mtihani. Ninachokikosoa ni fikra iliyomweka pale mbele ya ubao: kwamba mtu mzima asiyejua kusoma ni mtoto aliyechelewa, na kwamba lugha ni kitu cha kumpa kwanza ndipo baadaye aseme neno. Kwa maoni yangu mambo yako kinyume. Mtu mzima ana la kusema tayari. Huja darasani akiwa nalo. Lugha humwingia akilisema jambo hilo na wenzake, tena jambo lenye uzito, lenye kumgusa mfuko na moyo.

Tuirudie sentensi ya yule mama, maana hii ni safu ya lugha. “Kama jina lingekuwa yangu, ningejua bonasi imeingia ngapi.” Hali ya masharti ya *-nge-*, pande zote mbili za sentensi, bila kuteleza! Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza chuoni, waliopata alama za juu katika mtihani wa kidato cha nne, huichanganya *-nge-* na *-ngali-* kila kukicha, wakaandika “angekuwa amekuja angalimwona.” Yeye hakuteleza kwa sababu ile *-nge-* haikuwa zoezi la kujaza pengo. Ilikuwa maisha yake yanayoweza kuwa na hayakuwa.

Kosa lake moja lilikuwa “yangu” badala ya “langu.” Kosa hili la upatanisho tunalisikia Kenya nzima, si Gusii peke yake, na wengine hudai ati ni dalili ya akili isiyojali ngeli. Upuuzi. Mama huyo huyo akisema Ekegusii atakwambia *erieta riane*, yaani jina langu, wala hatakosea katu. Tazama: *eri-eta ri-ane*. Kile kiambishi *ri-* ndicho *li-* cha Kiswahili, kilichoungana na *-angu* kikatupa “langu.” Ngeli anayo kichwani, kamili, tangu alipojifunza kusema. Mwalimu angeweza kuandika majina mawili yale ubaoni, moja juu ya jingine, akapiga mstari chini ya *ri* na *li*, akamaliza kazi kwa dakika tatu. Naye mama angegundua kwamba Kiswahili ni ndugu wa lugha yake, si mgeni aliyevaa tai. Lakini somo la siku ile lilikuwa silabi za herufi b.

Mama yangu mzazi aliingia darasa la ngumbaru mwaka 1980. Wakati huo nchi nzima ilikuwa mbioni. Rais Moi alikuwa ametangaza Siku ya Jamhuri ya 1978 kwamba ujinga wa kutojua kusoma ungefutwa katika muda wa miaka mitano, na mwaka uliofuata Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa. Chini ya miti, makanisani, katika shule za msingi watoto wakienda nyumbani, watu wazima walikaa kwenye viti vidogo wakaimba silabi. Mama aliimba pia. Baada ya muda alijua kuandika jina lake, akapewa cheti, akakitundika ukutani karibu na kalenda. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Barua nilizomwandikia ziliendelea kusomwa na mtoto wa jirani, na majibu yaliandikwa na mtoto huyo huyo, ndiyo maana hakuna siri yoyote ya ukoo wetu ambayo jirani hakuijua. Alipofariki cheti kilikuwa bado ukutani.

Kwa miaka mingi nilidhani mama alishindwa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alifundishwa kuyatamka maneno ya mtu mwingine kuhusu mambo ya mtu mwingine, na mazoezi yalipokwisha hapakuwa na sababu ya kuendelea. Wala hakuwa peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima wa Kenya walikuwa na kiwango cha chini cha kusoma na kuandika, lakini waliofikia kiwango cha kuimudu stadi hiyo ipasavyo walikuwa asilimia 29.6 tu. Tofauti ya takwimu hizo mbili ndiyo waliko akina mama yangu: wanajua herufi, ila herufi haziwafanyii kazi.

Wapo walioiona kasoro hii mapema. Paulo Freire wa Brazili alipowafundisha vibarua kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, hakuanza na silabi tupu. Alianza na neno lililotoka mikononi mwao, mathalani “tofali.” Kwanza wakalijadili tofali lenyewe: nani hulifinyanga, nani hujenga, nani huishi ndani ya nyumba iliyojengwa, kwa nini mjenzi anapanga kibanda. Mjadala ukiisha kuiva ndipo neno likakatwa vipande, na vipande vikaunda maneno mengine. Mwaka 1964 wanajeshi walipoipindua serikali walimtia ndani, kisha akaenda uhamishoni. Wakubwa huwa hawawaogopi walimu wa ba-be-bi-bo-bu.

Karibu nasi zaidi, Watanzania walilifanya jambo hili kwa ukubwa ambao vijana wetu hawaambiwi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi vijijini, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadili malaria, kuhara, kichocho, minyoo na kifua kikuu, halafu wakaamua wafanye nini pale pale kijijini: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Istilahi waliyoitumia Watanzania kwa mafunzo ya aina hii naipenda: kisomo chenye manufaa. Linganisha na neno letu “ngumbaru,” ambalo ukimwambia mtu unasomea huko hucheka kwanza ndipo akuulize habari.

Hata hivyo, mimi si mmoja wa wale wanaoililia Tanzania ya zamani kana kwamba ilikuwa peponi. Mtu ni Afya ilikuwa na kasoro yake. Majibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa Dar es Salaam kabla kikundi hakijaketi. Wanakijiji walijadili, naam, lakini walijadili njia ya kufikia hitimisho lililokuwa likiwasubiri mwishoni mwa ukurasa. Kikundi ambacho kingeamua kwamba tatizo lake kubwa si choo bali ni bei ya pamba hakikuwa na mahali pa kuliandika. Huo ni mjadala wenye dari. Bado ni bora kuliko silabi, ila dari ipo.

Wala msidhani kwamba kadhia hii ni ya nchi maskini peke yake. Ukienda Japani utakuta watu waliosoma Kiingereza miaka sita ya sekondari, wengine na zaidi vyuoni, wasioweza kumwelekeza mgeni kituo cha treni. Walifundishwa kwa mtindo wao wa *yakudoku*: sentensi ya Kiingereza inafasiriwa neno kwa neno, inapangwa upya kwa Kijapani, basi. Wengi hukua wakiamini kwamba wao kwa maumbile yao hawana kipawa cha lugha. Lakini wakiwa watu wazima, baadhi yao wakiwa wamestaafu, hukutana mara moja kwa juma katika kumbi za umma, zile *kominkan* zilizowekewa msingi na sheria yao ya elimu ya jamii ya mwaka 1949. Hukutana na kipande cha gazeti na birika la chai. Hubishana kwa Kiingereza cha kuungaunga kuhusu wazee wanaoishi peke yao, vijiji vilivyobaki bila watoto, nyumba zilizoachwa tupu. Hakuna anayetoa alama.

Ninachokiona cha maana katika vikundi vya namna hiyo ni usawa. Pale mezani kila mmoja anakosea, kwa hiyo kosa halina bei. Mtu husubiriwa alimalize wazo lake. Ukiwa na jambo unalolijua kuliko wenzako, tuseme umemuuguza mama mkongwe miaka kumi, wenzako watakuvumilia utafute maneno kwa sababu wanataka kusikia. Hii ndiyo maana halisi ya kujifunza pamoja. Sitaki kuvuka mpaka, hata hivyo. Mstaafu wa Japani asipokijua Kiingereza hatapoteza shamba. Kwake ni raha na changamoto ya ubongo. Mama wa Nyamira asipojua kusoma hati aliyowekewa mbele atie kidole, huenda akaamka kesho ni mpangaji kwenye boma lake mwenyewe.

Mfano wa hapa Kenya, tena wenye uchungu, ni Kamĩrĩĩthũ kule Limuru. Wengi huukumbuka kama mkasa wa tamthilia; husahau kwamba ulianza kama darasa la kisomo. Wafanyakazi na wakulima walikutana katika kituo chao cha kijamii chini ya uratibu wa Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakajifunza kusoma kwa Kigĩkũyũ huku wakijadili mishahara, ardhi na viwanda vilivyowazunguka. Kutokana na mijadala hiyo ikazaliwa haja ya kuigiza, na Ngũgĩ wa Thiong’o pamoja na wa Mĩriĩ wakaiandika *Ngaahika Ndeenda*. Wanakijiji waliosoma na waliokuwa ndio kwanza wanajifunza waliurekebisha mswada: hapa mzee hasemi hivi, methali hii haitumiki hivyo. Tafakari jambo hilo, msomaji. Mtu aliyekuwa juzi anasoma herufi anamsahihisha mwandishi mashuhuri, na mwandishi anakubali. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, ikapigwa marufuku Novemba, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong’o alikuwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Kampeni ile ya kitaifa iliyomwingiza mama yangu darasani ilianza chini ya miaka miwili baada ya kisa hicho. Sina hati ya kuonyesha kwamba mmoja alizaa mwingine, na msomi hasemi asichoweza kukithibitisha. Lakini najiuliza ni mwalimu gani wa wakati ule, mwenye akili zake timamu, angeacha ba-be-bi-bo-bu awaulize wanafunzi wake mshahara unatosha nini.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, maana linatuhusu sisi Wagusii na wazee wetu. Mwezi Mei mwaka 2008, watu wasiopungua 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto na umati katika vijiji vya Kisii kwa tuhuma za uchawi. Vyombo vya habari viliripoti wakati huo dai la wanakijiji kwamba kulipatikana daftari katika shule ya msingi, nalo lilikuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi: nani alihudhuria, nani angerogwa baadaye.

Daftari! Kumbukumbu za mkutano! Mimi nimekuwa katibu wa kamati kadhaa na najua ilivyo taabu kumpata mtu wa kuandika kumbukumbu hata za harambee. Je, hapakuwa na mtu wa kuuliza mwandiko ule ulikuwa wa nani? Je, hao wakongwe walijua kuandika? Kwa nini mtu anayefanya jambo la siri usiku aliandike kwa mpangilio, na aliache shuleni? Haya ni maswali ya darasa la kusoma. Ni uhakiki wa matini kwa maana yake ya kwanza kabisa. Walioliamini daftari lile si lazima wawe hawakujua kusoma. Huenda walijua kusoma vizuri tu. Walichokosa ni mazoea ya kukaa mbele ya maandishi pamoja na wenzao na kuyauliza: umeandikwa na nani wewe, kwa faida ya nani? Walifundishwa kuitikia. Mwalimu akisema, darasa linaitikia. Ubao ukisema, darasa linaitikia. Daftari likisema, umati unaitikia.

Mauaji hayakuishia hapo. Oktoba 2021, Marani, kaunti hiyo hiyo ya Kisii, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa kwa tuhuma zile zile. Ukiyatazama madarasa ya ngumbaru ya Gusii, wanaoketi kwenye mabenchi ni nani? Ni wanawake wenye umri huo. Wao ndio wanaoitwa *omorogi* pindi mtoto wa jirani akiugua. Neno hilo linakaa kimoyomoyo katika kila ukumbi wa kisomo, na hakuna anayeliandika ubaoni. Lingekuwa neno la kuanzia kama “tofali” la Freire: *omorogi*, mrogi, kuroga. Nani huitwa hivyo? Tajiri huitwa? Mwenye watoto wa kiume wakubwa wenye nguvu huitwa? Shamba la anayeitwa hivyo hubaki na nani? Na baada ya hapo darasa lingesomewa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo mpaka leo wengi hudhani inamhukumu mchawi peke yake, ilhali inalifanya kuwa kosa pia kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa tuhuma iwe imepelekwa kwa wenye mamlaka. Mama wa miaka sabini anayeweza kuisoma ibara ile kwa Kiswahili, akaieleza kwa Ekegusii mbele ya wajukuu zake, huyo kisomo kimemfaa.

Najua nitapingwa. Mkaguzi mmoja wa zamani wa elimu, rafiki yangu, aliniambia nilipomsimulia haya, “Profesa, hiyo ni siasa. Sisi tunafundisha kusoma.” Nilimjibu kwamba sentensi ya “Baba analima shamba” nayo ni siasa, tofauti ni kwamba imevaa sare ya shule. Hakunijibu, lakini hakukubali.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi nami siwezi kulipuuza. Ukiufungua mjadala, wataongea wenye midomo. Katika mikutano yetu ya hadhara wanaume huongea, wanawake hupiga makofi. Hata katika kumbi za maoni ya umma, ambazo Katiba ya 2010 imezidai kwa mabunge ya kaunti, nimeona wazee watatu wakishika kipaza sauti saa nzima, na nyaraka za bajeti zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata hao watatu hawakifuati. Mjadala usiosimamiwa huweza kuwa njia nyingine ya kunyamazisha. Ndiyo maana nadhani mfano wetu usiwe mkutano wa hadhara bali *egesangio*, kile kikundi cha majirani kinacholima shamba la huyu leo na la yule kesho. Humo zamu ni zamu. Aliyelimiwa jana hawezi leo kukaa kivulini. Ukiupeleka utaratibu huo darasani, kila mtu ana zamu ya kuleta jambo lake, na wengine wote wanalilima.

Kuhusu lugha ya kufundishia, sitazunguka. Waanze kubishana kwa Ekegusii, wavuke kwa Kiswahili wakiwa na joto. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na papo hapo ikaitaka serikali iulinde wingi wa lugha za Wakenya. Anayeona mgongano hapo hajawahi kukaa na wanawake wa Keroka wakizungumzia bonasi.

Narudi kwa yule kijana. Tuliposimama nje baada ya darasa, nilimwonyesha daftari langu na ile sentensi ya “jina lingekuwa yangu.” Aliisoma mara mbili. Kisha akasema jambo la haki: “Mwalimu, mimi nikiacha silabasi, afisa akija ataniuliza nimefika wapi. Nimwambie nimefika kwenye bonasi?” Sikuwa na jibu zuri. Walimu wa watu wazima ni wachache, wengi wao hupewa posho tu, na posho yenyewe huchelewa. Si rahisi kumwambia mtu wa namna hiyo awe shujaa. Nilimshauri ajaribu siku moja tu kwa juma: waje na risiti za majani chai, wazisome hizo.

Alinipigia simu majuma matatu baadaye. Wanawake wameleta risiti, wengine na barua za chifu, mmoja kaleta hati ya shamba iliyokunjwa ndani ya kitambaa tangu mumewe afariki, na hakuwa amewahi kumwonyesha mtu. Waliisoma pamoja vipindi viwili. Darasa sasa lina watu ishirini na mmoja. Katika ile fomu ya mkaguzi ameandika “ufahamu.” Wale wanaume wawili walikosa mara ya kwanza, mmoja amerudi, anakaa pale pale karibu na mlango, na juzi ameuliza kama wanaruhusiwa kuleta risiti za ndizi.